Bukuru Hakuacha Kriketi

Jana tumemzika Bukuru pale Kumsenga, Kibondo, na leo asubuhi nimejikuta nimeshika simu nimpigie nimsimulie msiba ulivyokwenda. Akili imegoma kabisa.

Wengi mnaonifuata humu hamkumjua. Someni basi, maana nina hasira na sitaki ipoe.

Miaka ya sabini mimi na yeye tulikuwa wapakiaji wa mizigo kwenye duka la Mzee Karim, Kasulu mjini. Mzee alikuwa na wazimu wa kriketi. Jumapili timu yake ikipungukiwa watu, anatuita sisi.

Siku ya kwanza tu Bukuru alirusha mpira akavunja kijiti kimoja kati ya vile vitatu anavyovilinda mpigaji. Mzee akamuuliza kafundishwa na nani. Akasema kwao Nyakitonto amekua akifukuza ngedere shambani kwa mawe.

Shida ilikuwa kiwiko. Kriketi haitaki mkono ukunjwe wakati wa kurusha, kwa hiyo Mzee akamfunga kipande cha mwanzi mkononi. Miezi mitatu. Tulimcheka sana.

Halafu tukaenda kucheza Tabora. Bukuru aliwatoa wapigaji wanne mmoja baada ya mwingine, hawajui hata mpira umepita wapi. Hazikupita wiki nyingi, barua ikaja: Bukuru anatakiwa Dar, majaribio ya timu ya taifa.

Hajasafiri bado, vita vya Kagera vikaanza. Alikuwa amepitia mgambo, jina lake likaitwa. Nikamwambia awaonyeshe ile barua, labda watamwacha.

Akaniuliza, "Nikibaki mimi, aende nani? Wewe?"

Alirudi na kipande cha chuma begani. Mkono wa kulia haukupanda tena kupita sikio. Career imekwisha, ana miaka ishirini na tatu.

Aliomba kitu kimoja tu: chama cha kriketi kimwandikie kwamba aliwahi kuteuliwa, apate kazi ya kufundisha michezo shuleni. Barua yake yenyewe ilipotelea vitani. Kikao kikakaa. Wakasema file halionekani, hakuna record, na nani anajua kama kweli aliitwa Dar?

Mimi nilijua. Nilikuwa kwenye kikao hicho kama mchezaji, na barua ile nilikuwa nimeisoma. Nikanyamaza, kwa sababu nafasi yake ya kwenda Dar nilikuwa nimepewa mimi, na niliogopa kuipoteza.

Bukuru akahamia Kibondo, kijijini kwao mkewe, akashika jembe mpaka mwisho.

Jana kiongozi wa chama hichohicho kaja na shada la maua, akasoma CV ya marehemu kwenye simu: "Baadaye aliamua kuacha kriketi ili ajikite kwenye kilimo."

Aliamua?

Nilisimama bila kuitwa. Nikasema hakuacha, alikwenda vitani, akarudi, na sisi tukamkana. Nikalisema na langu pia, mbele ya watoto wake.

Tulipotoka makaburini mjane wake, Mama Zabroni, alinisogelea. Hakunifokea. Alisema, "Shemeji, haya ungeyasema akiwa hai."

Kwa hiyo msinipe pole kwenye comments. Na chama kikithubutu kuandika tena kwamba "aliacha", tutakutana hapahapa.

Bukuru, sikuwahi kukuomba msamaha, na wewe hukuwahi kuniuliza. Kila mavuno ulinitumia gunia la maharage. Lala vyema, ndugu yangu.