Simu ya Mwalimu wa Mashine za Baridi

Walisema sitaweza. Walisema siku ileile niliposhuka Usenge, kando ya ziwa, na begi moja baada ya miaka sita Uarabuni, na hawakupunguza sauti. Mnunuzi mmoja wa samaki aliniuliza kama diploma yangu ya mashine za baridi inaweza kuanika omena. Mwenzake akamjibu kwa niaba yangu kwamba omena wanataka jua, na huyu bwana amesomea kivuli. Hata waya, dada ya baba yangu aliyenipa chumba, aliniambia kwa upole nianze kuuza samaki tu, kwa sababu Kisumu kazi hupewa mwenye mjomba ofisini.

Sikuwa na mjomba. Leo vyumba vinne vya baridi katika kiwanda cha samaki viko chini ya mkono wangu, na nikiinamia kompresa mafundi wote hunyamaza. Nasema hivi bila aibu. Nilijitengeneza mwenyewe. Au karibu hivyo.

Anayetafuta kazi anisikilize. Miezi mitano nilituma wasifukazi uleule kila mahali, ule niliouandika kabla sijasafiri, nikiwa nimeongeza mstari mmoja wa Uarabuni chini. Hakuna aliyejibu. Nikaacha kutuma, nikaanza kwenda. Nilisimama kwenye malango ya viwanda vya Kisumu saa ya chakula cha mchana, mafundi wakitoka, nikawauliza ni mashine gani inawasumbua. Mtu hawezi kukuficha mashine inayomsumbua. Ndivyo nilivyojua kwamba kiwanda kimoja kilikuwa kinapoteza baridi kila alasiri, na fundi wao ameacha kazi. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja kuhusu tatizo lao. Shida zangu sikuzitaja hata kwa neno moja. Wiki hiyohiyo nikaitwa.

Nilienda kwenye usaili na mali za watu. Nauli ilikuwa ya waya. Viatu vilikuwa vya kinyozi wa pale Usenge, aliyenionya nisivikunje mbele nikichuchumaa. "Omera, ndugu yangu, viatu hivi vilinipatia bibi," alisema. "Vikikosa kazi, kosa ni la miguu."

Meneja hakuwa na maswali mengi. Alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine. Nikaomba bisibisi, nikaweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni, kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu wa chuo, nikafumba macho. Nikamwambia vali moja imechoka. Wakafungua, wakaikuta imechoka. Akasema kilichobaki ni kumpigia yule niliyemwandika kuwa wa kuulizwa habari zangu. Nilikuwa nimemwandika mwalimu huyohuyo. Nikajibu kwa kifua kwamba apige hata sasa hivi, yule mzee ananijua kuliko mama yangu.

Hapa ndipo nilipokosea, na wengi wenu mnakosea hapohapo. Sikuwa nimezungumza na mwalimu kwa miaka saba. Jina lake lilikuwa limekaa tu kwenye karatasi kama muhuri. Nilipotoka nje ya lango nikampigia haraka nimtayarishe. Simu ikapokewa na mwanamke.

"Mwalimu tulimzika mwezi wa pili," alisema. "Wewe ni nani?"

Nikakata simu.

Kwetu mtu anaweza kukosa harusi yako ukamsamehe. Matanga ni jambo lingine. Mimi sikujua hata kama aliugua, na sasa nilikuwa nimeituma ofisi ikamuulize maiti. Niliona kazi ikienda. Wangesema nimeandika jina la marehemu makusudi, nisichunguzwe.

Siku ya tatu karani wa kiwanda akanipigia kwamba niripoti Jumatatu. Kisha akaongeza, kama mtu anayesoma mahali: "Kwa mwalimu wako tumeambiwa unajisifu sana, lakini mkono wako haudanganyi."

Maneno hayo niliambiwa mara moja maishani, tukiwa wawili tu katika karakana, mimi na mwalimu, mwaka wangu wa mwisho. Sikuwahi kumsimulia mtu. Nilikaa kitandani kwa waya, mchana kweupe, nikiyarudia.

Mwezi mzima nilifanya kazi na mtu wa pili chumbani. Sisemi nilimwona. Lakini kila nilipoweka bisibisi sikioni, kabla sauti ya mashine haijafika, kilitangulia kikohozi kifupi, kile cha mwalimu cha kusafisha koo kabla ya kukusahihisha. Nikageuka. Samaki tu kwenye trei, macho wazi. Nikaanza kuacha mlango wa chumba cha baridi wazi, mimi ninayewafokea wengine kwa kosa hilo.

Mshahara wa kwanza ulipoingia sikungoja. Jumamosi asubuhi nilimrudishia waya nauli yake na kilo nne za sukari juu, na kinyozi nikampa viatu vyake vikiwa na soli mpya. Kisha nikaenda Kombewa, kwa mwalimu.

Mjane wake alinipokea mlangoni. Nilitaja jina langu.

"Kwa hivyo ni wewe ulikata simu."

Nikatoa bahasha. Hakunyoosha mkono.

"Hapa hukukopa pesa. Ulikopa jina."

Akanipeleka kaburini kwanza. Tuliporudi ndani aliniambia kiwanda kilipiga siku ileile niliyokata simu, na kwamba hakudanganya ofisi yoyote. Aliwaeleza wazi kwamba mwenyewe amefariki, na kwamba yeye atasema yale aliyoyasikia. Kila jioni mwalimu alikuwa akileta wanafunzi wake mezani kwa maneno, mmoja baada ya mwingine. "Wewe ulikuja sana, nyathina, mwanangu," alisema. "Tumekula na wewe hii miaka yote."

Halafu akanionyesha simu ya marehemu, imechajiwa, na daftari la wanafunzi wake kando yake. Hulia karibu kila wiki, alisema. Ofisi za kila mahali zinauliza habari za watoto ambao hawajui mwalimu wao hayupo. Yeye hufungua daftari na kuwasomea alichoandika mwalimu.

"Nimechoka kumfufua," alisema.

Ililia tukinywa chai. Aliitazama, kisha akaisukuma kwangu pamoja na daftari. Sauti ya mwanamume wa Eldoret ilimtaka mwalimu, kuhusu msichana mmoja aliyeomba kazi ya ufundi. Nikatafuta jina lake. Mwandiko wa mwalimu ulikuwa umelala upande mmoja, kama zamani.

"Mwalimu amefariki," nilisema. "Mimi ni mwanafunzi wake. Niulize mimi."

Nikamsomea yote yaliyoandikwa. Kisha nikamsemea msichana nisiyewahi kumwona, na kwa dakika zote zile sikutaja habari zangu. Mjane alimaliza chai yake akinisikiliza. Nilipoaga hakunidai simu wala daftari. Nilitoka navyo, jua bado lipo, na siku hiyo nikawa nimemlipa kila aliyenikopesha.