Kiti cha Mbele

Mume wangu alijifunza kuendesha kayaki, ile mitumbwi myembamba ya kasia, kwenye simu. Nikirudi kutoka zamu hospitalini nilikuwa namkuta kochini, kwenye fleti yetu ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku ugenini tunakofanya kazi, tumbo juu, akiwatazama Wazungu wakipiga kasia kwenye maji baridi ya kwao. Kabla sijavua viatu ananisomea somo la urefu. Kayaki ndefu hukata maji na kwenda moja kwa moja. Fupi hugeuka upesi, lakini inachosha, maana kila ukipiga kasia inataka kuzunguka. Nyembamba ina mbio, pana ina utulivu. Nilimsikiliza huku nikijikanda miguu. Zamu ilikuwaje, hakuwahi kuuliza.

Maji yenyewe nilimfundisha mimi. Nimekulia kando ya ziwa, yeye kwao ni milimani na hadi leo hajui kuogelea. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, tukitoka kanisani tulikuwa tunakodi kayaki ya watu wawili kwenye mikoko kaskazini mwa mji, mimi mbele nikiweka mwendo, yeye nyuma kwa sababu ya uzito. Kwa zamu zangu na kazi yake ya kompyuta, hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya wiki ambayo tulikuwa mume na mke. Siku nyingine tulikuwa wapangaji wawili wa friji moja. Kwa hiyo aliposema tununue yetu, sikujali rangi wala bei. Nilitaka kujua kama ni ya mtu mmoja au ya wawili, na sikuthubutu kuuliza.

Tulikwenda dukani Abu Hamour tukiwa bado na nguo za kanisani. Muuzaji alikuwa Mganda mpole, akatuuliza tunataka kwenda nayo wapi.

"Kwa mikoko," nikasema. "Kule njia ni nyembamba. Tupatie fupi, pana."

"Usimsikize," mume wangu akamwambia. "Huyu anachagua boti vile anachagua sufuria. Mimi nataka ya safari, ya kwenda mbali tulale huko."

Muuzaji akacheka kidogo, kama wanavyocheka watu wanaotaka kuuza. Mume wangu akachagua ndefu kuliko zote, nyembamba, yenye stoo mbele na nyuma za kuwekea hema na chakula, na usukani wa kuendeshwa kwa miguu. Ilikuwa na viti viwili. Nilinyamaza asije akabadili nia. Niliuliza tu itaingiaje kwenye lifti yetu, akasema itakaa kwa mwenzake wa kazini huko Lusail, kuna ua mkubwa. Nikafurahi. Mjinga mimi, nikafurahi kabisa.

Muuzaji akanikalisha kiti cha mbele, palepale sakafuni. Akasema urefu wa kayaki peke yake hautoshi, lazima chombo kikushike mwili. Nyayo zikanyage vizuri vile vikanyagio vya ndani na goti likunjike kidogo, la sivyo mgongo ndio unabeba kazi yote. Mimi ni mfupi. Akainama akaanza kuvivuta vikanyagio vinifikie.

"Hizo wachia hapo," mume wangu akasema, macho kwenye simu.

"Lakini madamu hafiki."

"Zisukume hata mbele zaidi. Wa kukaa hapo ni mrefu."

"Mrefu namna gani?"

Na mume wangu, mtu asiyejua saizi ya viatu vyangu baada ya miaka yote hii, akainua mkono bila kufikiri, akauweka kwenye nyusi zake. "Ananifika hapa," akasema.

Mimi namfika kifuani. Nilimwona akitambua alichosema, mkono bado uko juu. Nilingoja anidanganye. Wallahi ningeupokea uongo wowote, hata wa binamu aliyekuja kutembea. Hakujisumbua kunitafutia hata huo. "Tutaongea nyumbani," akasema.

"Kumbe madamu alitusaidia kupima tu," muuzaji akasema, akavisukuma vikanyagio mpaka mwisho. Nilibaki nimekaa pale, miguu yangu haigusi kitu. Nilitamani kulia, lakini kilichonijia kilikuwa kingine.

"Huyo wa Lusail anajua kuogelea?" nikamwuliza mume wangu.

Akatia simu mfukoni.

"Muulize. Wewe mkipinduka unashika mtu shingo. Mimi nimekuzoea, yeye utamuua."

Muuzaji akaenda kutafuta risiti ambayo tayari alikuwa nayo mkononi.

Nje, mume wangu alinyanyua nyuma ya kayaki, akasimama akingoja. Akaniangalia. Alikuwa anataka mtu wa kunyanyua mbele, na hapakuwa na mwingine. Nikanyanyua. Tuliiweka juu ya gari, na kamba nikazifunga mwenyewe, nikazikaza mpaka viganja vikachubuka. Sikutaka kitu kile kianguke njiani kwenda Lusail, naye apate sababu ya kurudi nyumbani kwangu.