Inchi Mbili za Kumfuata Dada Kahe

Kilichonitoa nyumbani ni nyonga ya dada yangu Aikande. Alipolazwa baada ya kuanguka, aliweka nadhiri kwamba akisimama tena atatoa shukrani katika kanisa alilobatizwa, hapa kwetu Marangu, na si penginepo. Mungu akamsimamisha. Lakini Dada anaishi Kahe, na mbele ya nyumba yake unapita mfereji wa maji ya mashamba. Kivuko chake kimechimbwa kama handaki fupi, kuta mbili za udongo na jiwe katikati. Mara ya mwisho jiwe hilo lililishika gari langu tumboni, nikavutwa na ng'ombe wawili huku Dada akiniangalia dirishani. Ibada ya shukrani ilikuwa Jumapili. Ijumaa nikateremka Moshi kuliinua gari.

Saa mbili asubuhi nilikuwa gereji. Nilikuja na fimbo niliyoitia alama ya urefu wa lile jiwe, nikamwonyesha fundi. Nilitaka inchi mbili tu: vipande vya kuinulia springi za mbele, pleti moja zaidi kwenye springi za nyuma, na shokapu ndefu kidogo.

"Na matairi, mzee?"

"Haya haya liliyokuja nayo. Meno yake yanatosha njia mbovu."

"Gari likiinuka na matairi haya litakuwa kama mtu mnene aliyevaa ndala."

"Fanya kazi, kijana. Silipeleki kuposa."

Pembeni alisimama Godlisten, kitinda mimba wa Dada. Yeye ndiye aliyepaswa kumleta mama yake, ana gari jipya kuliko langu. Lakini alilivalisha matairi mapana yanayotokeza nje kama masikio ya tembo, na mama yake akasema hapandi trekta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Gari lako linaumwa nini?"

"Haliumwi. Wanalikata madigadi kidogo, matairi yapate nafasi."

Nimewahi kuona mtu akikata kiatu kimtoshe mguu. Anayekata mguu utoshe kiatu nilikuwa sijamwona. Nilimwambia hivyo, akacheka, kisha akaniomba lifti ya kwenda kwa mama yake.

Jioni fundi alimaliza. Alinionyesha kwamba mipira ya breki haikuvutika kwa kuinuliwa, akanyoosha magurudumu yasivute upande. Nilimshukuru Mungu, kisha fundi. Nikalala kwa Godlisten.

Jumamosi saa tatu tulikuwa njiani. Kabla ya kuuacha mji nilihesabu magari matano ya aina ya lile la mpwa wangu. Yanapanda juu kama mnara, na matope pekee yanayoyajua ni ya pale yanapooshwa. Mungu anisamehe, niliyasema yote matano kwa sauti, moja moja, na Godlisten akasikiliza kwa adabu.

Saa nne na nusu tulifika kivukoni. Nilishuka polepole, maji yakiteleza chini ya magurudumu, nikapanda ng'ambo.

"Umesikia kitu?" nikamwuliza Godlisten.

"Sijasikia, mjomba."

"Basi hiyo ndiyo sauti ya jiwe lililoshindwa."

Dada alitoka na mkongojo wake, amevaa kitenge kipya. Nikamfungulia mlango kama bwana harusi. Akashika mlango, akainua mguu, mguu ukaishia hewani. Akajaribu tena. Daktari alikuwa amemkataza kukunja nyonga kupita kiasi, na kiti kilikuwa juu kuliko kiasi hicho.

"Anaeli," akaniita, "ulipima nini huko Moshi?"

"Jiwe, Dada."

"Na goti langu?"

Fimbo nilikuwa nayo mkononi, na alama yake moja.

"Na hayo ni matairi madogo!" Godlisten akasema, akashika mbavu kwa kicheko.

"Nyamaza," mama yake akamwambia. "Lako ningehitaji ngazi ya kuchumia parachichi."

Tulileta kigoda, kikayumba. Godlisten akataka kumbeba. "Niliwabeba mimi ninyi," Dada akasema. "Sitabebwa kama gunia, majirani wakitazama. Kama ni hivyo, nitashukuru hapa hapa." Nilijua hakumaanisha, maana machozi yalimlengalenga. Nadhiri haibadilishwi mahali.

Akageuka, akaunyooshea mfereji mkongojo.

"Kama gari limepanda, si lishuke? Liweke mle kivukoni. Mimi nisimame juu ya ukuta."

Ilikuwa akili, lakini maji yalikuwa yanapita. Kuvuka majini si shida. Ukisimama, magurudumu yanazama, na ukuta ulikuwa unateleza. Zamu ya maji siku hiyo ilikuwa ya jirani yake, Mama Upendo, na kwa watu wa mifereji, mlimani na huku chini, hugusi maji ya mtu katika zamu yake.

Nilimkuta kwenye vitunguu vyake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimekuja kuomba maji."

"Uyachukue?"

"Uyazuie. Nusu saa tu, dada yangu apande gari."

Akamtazama Godlisten nyuma yangu. "Huyu si ndiye aliyebomoa ukingo kwa yale magurudumu yake, vitunguu vyangu vikaogelea?"

"Ndiye."

"Basi auzibe kwanza." Akampa jembe.

Godlisten alikuwa na viatu vyeupe. Nilikaa kwenye kile kigoda, nikamshukuru Mungu kwa kila bonge la tope.

Saa saba Mama Upendo aligeuza maji. Nikateremsha gari kivukoni, kizingiti cha mlango kikawa sawa na ukuta. Dada akapiga hatua mbili, akaketi kama anayeketi kanisani. Tulipotoka, jiwe halikutugusa. Bila inchi zile nisingethubutu kusimama juu yake.

Alasiri tuliipita Himo, tukaanza kupanda. Migomba ilipoanza, Dada akateremsha kioo, akavuta hewa ya kwetu. Nyumbani nilisimamisha gari ubavuni mwa baraza, akashuka mwenyewe.

Kuhusu matairi makubwa sifuti neno. Ila nimejifunza kwamba mtu anaweza kujikweza kwa inchi mbili tu, na asijione. Fimbo yangu sasa ina alama mbili. Ya pili ni ya goti la Dada.

Jumapili alisimama mbele ya usharika bila kushikwa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru Mama Upendo kwa nusu saa ya maji, hata Godlisten kwa jembe. Nilinyoosha tai, nikangoja.

"Aika," akasema, ndiyo asante ya Kichagga, akarudi kuketi bila kunitaja.