Kisima cha Atallah

Kwa miaka kumi na minane Atallah, Mbedui wa jangwa lililo chini ya Yerusalemu, aliwatembeza wageni kwenye mapango ya watawa wa kale, kisha rafikiye Nadim akawapandisha kwa basi hadi mji mtakatifu. Walishibana hata Atallah akamwonyesha kisima cha ukoo wake, kilichofichika mwambani, na kumwapisha asimwambie mtu.

Asubuhi moja ya kiangazi alipeleka mbuzi kunywa, akakuta wageni wametumbukiza miguu kisimani. Nadim alikuwa akiwasimulia jinsi alivyokigundua mwenyewe.

"Usininunie, Abu Salman," Nadim alimwambia Atallah, akimwita kwa heshima baba wa Salman. "Maji hayaishi kwa nyayo, bwana!"

"Ningeibiwa na mwizi, usingizi ungenijia," Atallah akajibu. "Umeniibia wewe, uliyekula chumvi yangu."

Lakini wageni hawakuwa na kosa. Aliwakaribisha hemani, akammiminia kila mmoja kahawa. Alipofika kwa Nadim, alimpita kama anayepita jiwe. Kwa Wabedui hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na Nadim alilijua. Aliinuka, akawapakia wageni, akaondoka na basi lake, wala hakurudi tena.

Atallah alishinda kisimani akichota tope lililotibuliwa na miguu ya wageni, machozi yakimlengalenga.