Kiti Chini ya Saa

Lemuel, bawabu wa bunge, alimjua wakili yule tangu enzi zake za kutetea wakulima mahakamani: mikono mipana ya mkata magogo, sauti ya chini iliyowafanya wakubwa wainame ili wamsikie. Wakili alipochaguliwa kuingia bungeni hakubadilika. Mpinzani akihutubia, yeye humenya tofaa polepole bila kulikata ganda, kisha huinuka: "Umemaliza, ndugu yangu? Basi tuanze."

Siku ya mwisho ya kikao ulibaki mswada wa kuipa kampuni ya reli mashamba ya bonde la Wabash bila fidia. Bunge lingefungwa saa sita adhuhuri, na mswada usiopigiwa kura ungekufa. Wakili alikuwa amesimama akihutubia tangu asubuhi, asimwachie mtu nafasi. Adhuhuri ilipokaribia, Spika alimkonyeza Lemuel, kama ilivyo desturi, achukue ufito airudishe nyuma mishale ya saa ya ukutani ili kikao kirefuke. Wakili akaburuta kiti, akapanda, akaikinga saa kwa mgongo, huku akiendelea kuhutubia.

"Shuka, mzee! Unatutia aibu!" wakapiga kelele watu wa reli.

"Aibu mlikuja nayo wenyewe. Lemuel, ndugu yangu, rudisha saa. Ila utaanza kunichoma mimi."

Lemuel akauegemeza ufito ukutani. "Haufiki, Mheshimiwa Spika."

Spika akafungua kinywa amfukuze kazi, lakini saa ikamtangulia kugonga adhuhuri.