Sista Anyweshwa Mursik

Jumanne, saa nne asubuhi, mama mchuma chai wa Boito alipokea majibu ya makohozi katika zahanati: kifua kikuu kimeisha. Kwa miezi minane sista, muuguzi wa hapo, alimmezesha vidonge vya wafadhili akimtazama, kisha akamkagua mdomo kuhakikisha amemeza. Sasa mama alitoa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, akajaza kikombe.

“Kunywa, sista.”

“Niko kazini, mama.”

“Hata mimi niliacha chai shambani. Kunywa nikikuona.”

Sista akanywa.

“Fungua mdomo. Inua ulimi.”

Foleni nzima, nami nikiwamo, ilicheka mpaka ikakohoa. Wafadhili wa ng'ambo wakija kukagua dawa zao, waje na kiu.

Mke wangu aliugua ugonjwa huo huo, akafa kabla dawa hizo hazijatufikia. Ee Bwana, mpumzishe, na umwambie watu wanapona.