Ng'ombe Aliyewekwa kwa Baba Kulwa

Harufu ya nywele za ng'ombe zinazoungua haifanani na harufu ya nyama ya kuchoma. Ni kali na chungu, inaganda kwenye nguo, na hata ukifua jioni, asubuhi bado ipo. Mwaka jana nilipita Lumemo wakati mifugo inapigwa chapa. Ng'ombe walibanwa mmoja mmoja kati ya miti, chuma kikitolewa kwenye makaa kikiwa chekundu, moshi mweupe ukapanda kutoka pajani. Nilisimama na mfuko wangu wa vitunguu mpaka kijana mmoja akaniuliza, "Dada, na wewe umeleta wa kwako?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikaenda zangu. Lakini siku ile nzima nilikuwa tena na umri wa miaka kumi, na nilitaka mtu afe.

Sikuwa mtoto mwenye roho mbaya. Nilikuwa na sababu, na nitaieleza.

Shamba letu la mpunga lilikuwa njia ya Mlimba, karibu na Mchombe. Baba alikwisha kufariki. Tulibaki mama, kaka yangu Faustini na mimi. Mpunga ukianza kuchanua tulihamia shambani, tukiishi juu ya dungu na kufukuza ndege kwa kugonga makopo. Faustini alikuwa na mdomo. Kila kundi la ndege alilipa jina la mwalimu wake mmoja, kisha akalitukana, na mama alimkemea huku amegeuka ili tusimwone anacheka.

Siku moja mama na mimi tulikwenda mtoni kuchota maji, ng'ombe wakaingia mpungani. Faustini alifanya kile ambacho mkulima yeyote wa kwetu angefanya: alimkamata mmoja ili ampeleke ofisi ya kijiji, kwa sababu ng'ombe akifika ofisini mwenyewe hujitokeza. Wachungaji, Wasukuma waliohamia bondeni na mifugo yao, walimpiga fimbo za kichwa. Tulimkuta amelala kwenye mpunga uliokanyagwa, na ng'ombe hawapo.

Hospitalini hakuweza kusema. Alichora kwa kidole kwenye shuka: duara, na mkia mfupi upande wa kulia. Akachora tena. Mama akamwambia, "Nimeona, baba. Pumzika." Ilikuwa chapa ya ng'ombe aliyemkamata. Faustini alifariki kabla ya mapambazuko.

Tulitoa taarifa kila mahali pa kutoa taarifa. Tuliambiwa tusubiri. Mama alisubiri kwa namna yake: aliacha kuimba kanisani, akaacha kuweka chumvi ya kutosha kwenye mboga, na kila ng'ombe aliyepita barabarani alimtazama paja.

Msibani alikuja Msukuma mmoja tu, jirani yetu upande wa pili wa mfereji, aliyeitwa Baba Kulwa. Alivua viatu mbali, akaketi na wanaume mpaka jioni. Baada ya hapo mke wake alituletea kibuyu cha maziwa ya mgando kila Jumamosi. Mama aliyapokea, akashukuru, akanipa mimi ninywe. Yeye hakuyagusa.

Wakati huo Ifakara kulikuwa na kibanda cha video nyuma ya soko, na mwenyewe alikuwa kijana anayeitwa Deo. Alizima sauti ya filamu, akashika kipaza sauti, akatueleza yote kwa Kiswahili chake. Wanawake watu wazima hawakuingia mle. Lakini shangazi alimwambia mama kwamba kuna filamu kuhusu serikali inayolipiza kisasi kwa ajili ya watu wake, na Jumapili baada ya misa mama akanishika mkono, tukaingia, tukakaa benchi la mbele. Vijana wakanyamaza kama vile padri ameingia.

Filamu ilihusu nchi ambayo wasafiri wake waliuawa kwenye treni. Mkuu wa nchi, mwanamama mwenye nywele nyeupe, aliwaita wanaume wanne wa siri akawapa kazi ya kuwatafuta waliohusika, popote walipo, na kuwaua. "Mnamwona huyu bibi?" Deo alisema. "Msimwone mpole hivi. Anawaambia, nyie nendeni, lawama nitabeba mimi." Mmoja aliuawa akinunua mkate, mwingine akiwa kwenye lifti. "Kwisha habari yake," alisema Deo. "Huyo hali tena wali nazi." Kibanda kizima kililipuka. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Mama hakupiga. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayekunywa.

Alipouawa wa mwisho, Deo alizima jenereta. Watu walikuwa wamekwisha kusimama, na petroli si maji. Mama akamfuata.

"Mwanangu, kile kipande cha yule bibi akiwatuma. Kirudie."

"Mama, watu wameshatoka."

"Mimi sijatoka."

Akakirudia.

Haukupita muda mrefu, operesheni ya kuondoa mifugo bondeni ikafika kwetu. Gari la askari lilisimama uwanja wa shule, mgambo wakashuka na virungu. Mkubwa wao alimwita mama mbele ya watu. Alikuwa amesikia habari za kifo cha Faustini.

"Mama, serikali imekuja. Tuonyeshe."

Mama alitembea mbele yao na mimi nikiwa nimeshika khanga yake. Katika zizi la Baba Kulwa, miongoni mwa ng'ombe wake wenye masikio yaliyochanwa kama alama yake, alisimama jike mwekundu mwenye duara pajani na mkia mfupi kulia. Mama akanyoosha kidole. Askari akauliza, "Na mwenyewe?" Kidole kikahama.

"Shikamoo mama," Baba Kulwa alisema, ingawa alimzidi umri. "Ng'ombe huyu si wangu. Nimewekewa. Mwenyewe ameshavuka mto na kundi lake."

"Nani anakuwekea ng'ombe bure?" askari akauliza.

"Nakunywa maziwa."

Watu walicheka. "Anafugia watu kwa kunywa!" mtu akapaza sauti. "Mpeni na kikombe." Baba Kulwa akaapa kwa watoto wake. Askari akamgeukia mama: ndiye? Mama akasema, "Ndiye."

Walimpiga mpaka hakuweza kusimama. Ng'ombe wote walipelekwa mnadani, na familia ikahama na kile kilichobebeka kichwani. Niliambiwa walikwenda Masagati, wakalima kwa jembe la mkono, na kwamba Baba Kulwa hakumaliza masika yaliyofuata. Mama siku ile alipika wali na kuku, akaweka chumvi ya kutosha. Nilikula nikashiba, na nilikuwa na furaha.

Shule niliiachia darasa la saba. Yaliyobaki nimejifunza kwa kusoma na kuuliza. Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mzee mmoja wa Kisukuma, mteja wangu wa cherehani, kuhusu ng'ombe wa kuwekewa. Akanieleza bila kuacha kuvaa suruali yake mpya. Mwenye mifugo mingi haiweki yote zizi moja. Huigawa kwa marafiki, ili ugonjwa au wezi wasiimalize yote. Anayetunza hunywa maziwa na kutumia samadi. Chapa hubaki ya mwenyewe. Sisi wakulima hatukuwa na desturi hiyo. Kwetu, kilicho uani kwako ni chako.

Filamu nayo niliipata nikaitazama hadi mwisho ambao Deo hakuwahi kutuonyesha. Kiongozi wa wale wanne anarudi nyumbani, anapongezwa, anaomba aonyeshwe uthibitisho kwamba aliowaua ndio hasa. Anajibiwa kwamba serikali haina haja ya kumthibitishia. Anahamisha kitanda ili kiuelekee mlango, na filamu inaishia hapo.

Nilimwendea mama na maelezo yangu yote. Nilitaka kumpunguzia. Alikuwa akichagua mawe kwenye mchele, na nikamwambia kwamba hakukosea kwa ubaya, kwamba hakuna mtu wa kwetu angejua desturi ile.

Hakuinua macho. "Nilijua."

"Ulijua nini, mama?"

"Kwamba si yeye. Mtu aliyemuua mwanao hawezi kukaa msibani vile, viatu amevua." Akatupa jiwe. "Mwenyewe ameshavuka mto. Gari limekuja. Ningewaambia warudi lini?"

Nilikuwa nimemtetea moyoni miaka yote kwa ujinga wake, na sasa akaukataa. Mtoto aliyeshika ile khanga alidhani serikali imekuja kutafuta ukweli. Ilikuja kutafuta kidole.

Mwenye chapa ile hakukamatwa kamwe. Zamani nilimchukia kwa ajili ya Faustini. Sasa namchukia kwa ajili ya Baba Kulwa pia, na zaidi kwa ajili ya mama, na chuki hii haijapungua kwa kusoma. Ndiyo maana nashukuru kwamba hakuna gari linalosimama mlangoni kwangu, wala mtu mwenye sare anayeshuka kuniuliza ni yupi.